Sura ya Nne: Boriti, Tumbawe na Kibla

Ukiingia katika gofu lolote la kale kisiwani Pemba na ukataka kujua kwa nini chumba kina upana ule, usihangaike na ukuta. Uulize mti. Boriti ya mkoko, iliyokatwa matopeni na kuelea na maji hadi pwani, ndiyo iliyoamua. Ni mti mgumu, mchwa huutafuna kwa taabu, na ukikaa pakavu huishi kuliko aliyeukata. Lakini una mpaka. Ikishavuka mita tatu hivi, boriti huanza kulegea tumbo chini ya uzito wa dari ya mawe na chokaa. Fundi wa zamani, awe anajenga nyumba ya tajiri au nyumba ya Mungu, alikuwa na upana huo mmoja wa kuchezea. Akitaka nafasi zaidi, lazima asimamishe nguzo.

Wagiriki wa kale walikwama papo hapo. Jiwe lililolazwa juu ya nguzo mbili hubeba mzigo mzito, ila halipendi kupindwa. Ukizisogeza nguzo mbali mno, linapasuka katikati. Ndiyo maana hekalu la Parthenon kule Athens, lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, lina msitu wa nguzo: 8 kila upande wa mbele na nyuma, 17 kila ubavu ukihesabu na zile za pembeni. Watalii huzitazama wakasifu uzuri wake, na kweli ni nzuri. Lakini zilianza kama jibu la swali la fundi: dari hii itashikwa na nini?

Sura hii ni ya misikiti ya kale ya Pemba. Hekalu la Kigiriki litaingia na kutoka kama mgeni wa barazani, kwa sababu maswali ambayo wataalamu wamelihoji nayo kwa karne nyingi ni hayo hayo yanayofaa kuulizwa hapa. Jiwe lilitoka wapi? Jengo linatazama wapi? Na kwa nini watu waliolala katika nyumba za udongo walimjengea Mola wao kwa mawe?

Magharibi ya mji wa Chake Chake bahari imeingia nchi kavu kwa ghuba ndefu, na upande wa kaskazini wa ghuba hiyo kuna rasi nyembamba iliyonyooka kama kidole. Ukipita kijiji cha Ndagoni ukaendelea hadi ncha, utafika Ras Mkumbuu. Hapo pana gofu la msikiti mkubwa wa Ijumaa, makaburi yenye minara, na mabaki ya nyumba za mawe yaliyomezwa na miti. Palikuwa mji. Sasa pana ukimya, na mizizi inayopenya kwenye viungo vya kuta.

Mwaka 916 mwandishi na msafiri wa Baghdad, al-Mas'udi, alipanda chombo katika kisiwa alichokiita Qanbalu, akaelekea Oman. Mtu huyu alikuwa ameshavuka bahari nyingi, na hata hivyo aliandika kwamba hakuona iliyo na hatari kuliko bahari ya Zanji, yaani ya pwani hii ya Afrika Mashariki. Alisema kuwa Qanbalu ina Waislamu wanaosema lugha ya Zanji. Miaka karibu 300 baadaye, mwanajiografia Yaqut al-Hamawi aliandika habari za Jaziratul Khadhra, Kisiwa cha Kijani, jina ambalo Wapemba wanalijua mpaka leo, na akakitajia miji miwili, kila mmoja na sultani wake. Majina ya miji hiyo yameandikwa kwa herufi za Kiarabu na mtu ambaye hakuwa mwenyeji, lakini mtoto wa Pemba akisomewa hapotei: ni Mtambwe na Mkumbuu. Katika "Mkanbalu" ya Yaqut unaisikia Qanbalu ya al-Mas'udi. Wanaakiolojia bado wanabishana, na wapo wanaoitafuta Qanbalu mahali pengine kisiwani. Ubishi huo una haki yake. Hata hivyo, jina lililodumu mahali pamoja kwa miaka elfu moja ni shahidi mzito, na mwandishi wa sura hii yuko upande wa Ras Mkumbuu.

Waliofika na daftari walikuja kwa awamu. Meja Francis Barrow Pearce, aliyekuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar, aliyaeleza magofu ya Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1920. Katika miaka ya 1950 akaja James Kirkman, yule aliyechimbua mji wa Gedi karibu na Malindi. Kirkman alichimba Ras Mkumbuu na hakuridhika kuwa mji huo ni wa kale kiasi cha kuwa Qanbalu, kwa sababu vitu alivyovikuta vilimpeleka karne ya 13 tu. Ikabidi kusubiri miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba chini zaidi. Chini ya msikiti unaoonekana alikuta mabaki ya msikiti wa kabla yake, yenye matumbawe yaliyochongwa kwa ustadi, yakirudi hadi karne ya 10, zama za al-Mas'udi. Waumini walikuwa wamesali juu ya msikiti wa babu zao bila kuuhamisha.

Hapa inafaa kulishika jiwe lenyewe mkononi.

Fundi wa pwani alikuwa na mawe ya aina mbili, na asiyejua tofauti yake hawezi kulisoma gofu. La kwanza ni jiwe la mwamba, yaani tumbawe la kale lililokufa zamani za zamani likawa sehemu ya ardhi. Hilo huchimbwa nchi kavu. Ni gumu, lina ncha kali, limejaa matundu na vipande vya kombe, na ukilipiga nyundo linavunjika lipendavyo lenyewe. Linafaa kujaza ukuta. La pili ni tumbawe hai la baharini, hasa lile linaloitwa Porites kwa jina la kisayansi, linaloota kwa mafungu makubwa ya mviringo chini ya maji. Hili hukatwa maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, mwamba unapojitokeza. Likitoka majini ni laini: tezo linaingia, msumeno unapita, na fundi hodari anaweza kulichonga ua, kamba iliyosokotwa au herufi. Likishakauka kwa jua na upepo linakuwa gumu. Ukilitazama kwa karibu, uso wake umejaa vitundu vidogo vilivyopangika kama sega la nyuki, kila kimoja kikiwa ni chumba cha mdudu aliyelijenga.

Ukilinyanyua linakushangaza, maana ni jepesi kuliko umbo lake. Mtu mmoja anaweza kulibeba begani jiwe ambalo, lingekuwa la marumaru, lingehitaji watu kadhaa. Wagiriki waliikata marumaru ya Parthenon katika mlima Pentelikon, umbali wa kilomita 16 hivi kutoka Athens, wakaiburuta kwa magari ya ng'ombe. Mpemba alipewa mlima wake na bahari, na chombo kikambebea hadi mlangoni.

Misikiti ya mwanzo ya mawe katika pwani hii, ya karne ya 10 hadi ya 12, ilipenda sana tumbawe la baharini. Mawe yalikatwa mraba yakapangwa kwa mistari iliyonyooka. Baadaye, kuanzia karne ya 13, jiwe la mwamba lilishika nafasi kubwa kwenye kuta, na tumbawe laini likawekewa kazi za heshima: mihrabu, miimo ya milango, matao. Basi hata bila kuchimba, mtu aliyezoea anaweza kuutazama ukuta akakisia umri wake. Mistari safi ya mawe ya mraba inaashiria ukale. Mchanganyiko wa mawe ya kila umbo yaliyozamishwa kwenye chokaa ni wa baadaye.

Na chokaa nayo ni tumbawe. Magogo hupangwa kwa duara, safu juu ya safu, mawe yakawekwa juu, kisha moto ukawashwa na kuachwa uwake wenyewe. Tumbawe likiungua hugeuka jiwe jeupe lenye njaa ya maji; ukilimwagia linachemka, linafuka, linapasuka kuwa unga. Unga huo ukifukiwa na kuachwa ukae muda mrefu, huiva na kunata zaidi. Mafundi wa Pemba na Unguja waliendelea kuchoma chokaa kwa njia hii hadi enzi za saruji. Hesabu ya kuni ilikuwa kubwa, na anayesifu weupe wa msikiti wa kale akumbuke pia msitu ulioteketea pale.

Kwa hiyo jengo lote, ukiondoa dari na milango, lilikuwa na asili yake baharini: jiwe, chokaa, hata mchanga. Dari ilitoka kwenye mikoko, ambayo nayo ina mguu mmoja majini. Huu ni usanifu wa watu waliojua kupwa na kujaa kama wajuavyo saa za sala.

Haikuanza hivyo, lakini. Kisiwani Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, Horton huyo huyo alichimba mji wa Shanga na kuufukua msikiti wa Ijumaa tabaka kwa tabaka. Chini kabisa alikuta alama za vijumba vya miti vya karne ya 8: matundu ya nguzo tu, yaliyobaki ardhini baada ya mti kuoza. Juu yake kijumba kingine, kikubwa kidogo. Halafu kingine. Jiwe lilikuja karne ya 10, baada ya vizazi kadhaa vya kusali ndani ya miti na makuti. Msikiti wa mawe wa Waswahili haukushuka na jahazi ukiwa mzima kutoka ng'ambo, kama vitabu vingi vya enzi za ukoloni vilivyopenda kusema. Uliota pale pale, juu ya mzizi wa nyumba ya miti.

Kwa Wagiriki pia ilikuwa hivyo. Hekalu la Hera kule Olympia lilijengwa kwanza na nguzo za mbao, na nguzo zilipoanza kuoza zikabadilishwa moja moja kwa za mawe, kila kizazi kwa mtindo wake. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo, alipolitembelea aliikuta nguzo moja ya mwaloni bado imesimama. Laiti tungekuwa na Pausanias wetu wa kutuambia ni msikiti gani wa Pemba uliobaki na nguzo yake ya mwisho ya mti.

Sasa mwelekeo. Mahekalu mengi ya Kigiriki yalitazama mashariki, ili jua la asubuhi liingie mlangoni na kuifikia sanamu ya mungu ndani. Msikiti hautazami jua, unatazama Makka. Na hapa Pemba ina bahati ya kijiografia ambayo haisemwi vya kutosha. Makka iko karibu digrii 39.8 mashariki, na Pemba imelala kwenye mstari huo huo. Tofauti haifiki hata robo ya digrii. Maana yake kibla ya Pemba ni kaskazini hasa, bila kupinda kulia wala kushoto. Mwislamu wa Misri hugeukia kusini-mashariki, wa India magharibi, wa Pemba anainua uso kaskazini moja kwa moja. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha pwani neno "kibla" limetumika pia kwa maana ya kaskazini, na baharia akisema upepo unatoka kibla anaeleweka. Upande ule ule unaoleta kaskazi na majahazi ya Arabuni na Ghuba ndio upande wa kusalia.

Ukuta wa kibla basi ni ukuta wa kaskazini, na katikati yake ndipo ilipo mihrabu, kijumba kinachochomoza nje ya ukuta kama mgongo wa kobe. Imamu husimama humo, na sauti yake hugonga kuta za tao ikawarudia waliomo nyuma. Fundi aliyeweka akili yake yote mahali pamoja aliiweka hapo. Kuta nyingine zinaweza kuwa tupu kabisa, chokaa na basi, lakini mihrabu ina miimo iliyochongwa, tao lenye ncha, mara nyingine vijitao ndani ya tao. Milango mingi ilikuwa ubavuni, mashariki na magharibi. Nje kulikuwa na kisima na birika la kutawadhia, na mara nyingi mawe ya kusugulia miguu, kwa sababu muumini wa kisiwani hufika na mchanga.

Mnara wa adhana kwa kawaida haukuwepo. Mgeni aliyezoea misikiti ya Istanbul au Cairo huutafuta, akadhani umeanguka. Katika misikiti mingi ya kale ya Waswahili muadhini alipanda ngazi hadi juu ya dari, au aliadhini mlangoni, na mji ulikuwa mdogo kiasi cha kumsikia.

Jambo jingine humshangaza mgeni zaidi. Kwa kuwa boriti moja haikuweza kuvuka ukumbi mzima, misikiti mingi ilisimamisha safu ya nguzo katikati, kutoka kusini kuelekea kaskazini. Matokeo yake nguzo ikasimama mbele ya mihrabu hasa, ikiwaziba walio nyuma wasimwone imamu. Wasomi wa majengo kutoka nje waliliona hili kama kosa. Lakini sala haihitaji kumwona imamu. Inahitaji kumsikia na kusimama sawa katika safu. Hekalu la Kigiriki lilikuwa nyumba ya sanamu, na watu walibaki nje penye madhabahu, kwa hiyo lilipambwa kwa ajili ya macho ya walio nje. Msikiti uliwameza watu wake. Ukilitazama gofu la Ras Mkumbuu kwa nje utaona ukuta wa kawaida. Ujuzi wote uko ndani, kwenye paji la uso wa anayesujudu.

Kuhusu nakshi, mfano ulio hai zaidi uko Unguja, Kizimkazi Dimbani, na hauna budi kutajwa hata katika sura ya Pemba. Mihrabu ya msikiti ule imezungukwa na maandishi ya Kikufi yaliyochongwa juu ya tumbawe, na maandishi hayo yanataja mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na jina la aliyeamuru kazi hiyo, Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, lakini herufi zile zilihifadhiwa. Kila pembe ya herufi imekatwa wakati jiwe lingali laini. Aliyechonga hakuwa na nafasi ya kufuta.

Upande wa kaskazini-mashariki wa Pemba, karibu na Tumbe, kuna Chwaka, mji ulioishi tangu karne ya 11 hadi ya 16. Masimulizi yanamtaja Harun, mtawala wa hapo, kuwa mwana wa Mkama Ndume wa Pujini, ambaye tutamfikia. Jirani na Chwaka kuna makaburi ya Mazrui, ukoo ulioitawala Pemba kutoka Mombasa katika karne ya 18. Mtalii huja kupiga picha ya mihrabu na makaburi, kisha huondoka akidhani ameuona mji wa Chwaka. Hajauona.

Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Chwaka na Tumbe katika miaka ya 2000 wakiwa na swali lisilo la kawaida: wale watu wengine walikaa wapi? Katika mji wenye zaidi ya msikiti mmoja wa mawe, nyumba za mawe zilikuwa chache mno. Jibu lilikuwa chini ya mashamba ya muhogo, katika madoa ya udongo ulioungua, vigae vya vyungu na sakafu za udongo uliopondwa. Mji ulikuwa wa nyumba za miti na fito zilizokandikwa udongo na kuezekwa makuti, nyumba zile zile ambazo mtu anaweza kuziona leo njiani kati ya Konde na Micheweni. Wengi walikuwa humo, na si maskini peke yao.

Jiwe lilitolewa kwanza kwa Mungu. Baadaye kwa wafu. Walio hai walikuja mwisho.

Habari hii inageuza historia tuliyozoea. Shuleni mji wa Waswahili hufundishwa kama mji wa mawe wa matajiri wa biashara, na misikiti huwa ni pambo la utajiri huo. Pemba inaonyesha mpango mwingine. Kisiwa hiki kina mvua na ardhi nzuri, na uchambuzi wa mbegu zilizoungua majikoni mwa Tumbe na Chwaka unaonyesha kwamba watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walikula sana mawele, na kwamba kuanzia karne ya 11, mji wa Chwaka ulipoinuka, mchele ukatawala sinia. Mchele unahitaji kazi nyingi na humlisha mgeni kwa heshima. Wakati ule ule watu walianza kukata matumbawe na kuchoma chokaa kwa ajili ya msikiti wa mawe. Ni vigumu kutoona kwamba karamu na msikiti vilikwenda pamoja: mji uliweza kuwaita watu kazini kwa sababu uliweza kuwapikia.

Na fedha? Ilikuwepo. Mtambwe Mkuu, mji wa pili wa Yaqut, uko kusini mwa Wete juu ya kisiwa kidogo kinachofikika kwa miguu maji yakipwa. Hapo mwaka 1984 iligunduliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na chache za dhahabu za dola ya Fatimiya. Mji wenye sarafu zake wenyewe ulikuwa na uwezo wa kujenga majumba makubwa ya mawe. Haukufanya hivyo kwa pupa.

Makaburi yenye minara yanastahili aya yake. Ras Mkumbuu inayo, kama miji mingine ya pwani hii: kaburi la mawe lenye nguzo ndefu kichwani, nyingine ya mviringo, nyingine yenye pembe, ikiinuka juu ya vichaka. Mafundi walizoea kuacha vitundu kwenye chokaa mbichi na kubandika humo bakuli na sahani za kauri kutoka China au Uajemi. Leo vitundu vingi ni vitupu, kama macho yaliyong'olewa. Lakini hata kitundu kitupu kinasema kitu, kwa sababu kipimo cha duara lake humwambia mtaalamu bakuli lilikuwa la ukubwa gani.

Kusini-mashariki mwa Chake Chake ndiko kuliko na Pujini, na Pujini inavunja utaratibu wote huo. Ni boma la karne ya 15 lenye kuta nene, makao ya Mkama Ndume, ambaye jina lake Wapemba wanalifasiri kuwa ni mkamua wanaume. Hadithi inasema aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Inasema pia kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Wanaakiolojia hawawezi kuthibitisha makalio wala wivu. Walichokikuta ni chumba cha chini ya ardhi, chenye ngazi ya kushukia, na ukutani siwa iliyofinyangwa kwa chokaa. Siwa ni pembe ya utawala. Pate walikuwa nayo ya pembe za ndovu, Lamu ya shaba. Pujini waliifinyanga pale ambapo jua halifiki. Hapa jiwe lilitumika kuonyesha nguvu za mtu mmoja, na ndiyo maana watu waliikumbuka kazi yake kama mateso. Hakuna hadithi ya namna hiyo inayosimuliwa juu ya msikiti wa Ras Mkumbuu.

Kilwa ndiko fundi wa pwani alikojaribu kuukimbia utawala wa boriti. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza na ukumbi wa dari bapa juu ya nguzo. Katika karne ya 14, dhahabu ya Sofala ilipopita mikononi mwa masultani wake, ukaongezwa ukumbi mpana wa kuba na matao, ambamo jiwe linabeba jiwe bila kuhitaji mti. Ilikuwa hatua ya kijasiri, na sehemu ya kazi hiyo iliporomoka ikabidi ijengwe tena. Pemba ilibaki na boriti zake. Zilipooza dari zikaanguka ndani, na kifusi hicho hicho ndicho kilichozizuia kuta zisianguke mapema.

Miji hii ilinyamaza kwenye karne ya 16 au karibu na hapo, wakati Wareno walipovuruga njia za biashara za bahari hii. Parthenon ilibaki ikitumika kwa zamu, kanisa kwanza, msikiti baada ya Waturuki kuuteka mji wa Athens karne ya 15, mpaka Septemba 1687 ilipolipuliwa na kombora la Wavenisi likiangukia baruti iliyohifadhiwa ndani. Ras Mkumbuu haikulipuliwa na mtu. Adui wake ni mizizi, mvua na mkono wa binadamu anayehitaji jiwe moja tu la kutegemeza pipa.

Kwa anayetaka kwenda, Jumba la Makumbusho la Pemba liko ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, na ni vizuri kuanza hapo kabla ya kushika njia ya Ndagoni. Ukifika kwenye gofu, usikanyage juu ya kuta, na jiwe lenye nakshi ukilikuta chini liache lilipo. Likihama mita mbili tu, halina tena ushahidi wa kutoa. Kama utavuka kwenda Mtambwe Mkuu, waulize wavuvi kwanza maji yanajaa saa ngapi.